Wadada na baiskeli: maumivu ya siti si ya kuvumilia



Leo tuongee jambo ambalo wadada wengi wanalijua ila hawalisemi. Baiskeli inauma. Siongelei miguu wala mgongo, naongelea pale unapokalia. Ukiuliza unajibiwa "utazoea tu", au mbaya zaidi, "ndiyo maana baiskeli si ya mwanamke". Basi dada anavumilia wiki mbili tatu, halafu baiskeli inaegeshwa ukutani, mdogo wake wa kiume anaichukua, na yeye anarudi kutembea kwa miguu au kupanda bodaboda kwa hela ambayo hana.

Kwa mtu wa Kikwe hili si jambo dogo. Kikwe iko Arumeru, upande wa chini wa barabara kuu ya Arusha–Moshi, huku kiliko chuo cha Nelson Mandela. Ukiacha lami ni vumbi kiangazi na tope masika. Shule, mashine ya kusaga, zahanati, soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, kote huko ni safari. Msichana mwenye baiskeli yake anafika kwa wakati na hadaiwi fadhila na mtu. Msichana asiye nayo anategemea lifti, na sote tunajua baadhi ya lifti zinavyolipwa.

Kuna utafiti uliofanyika Zambia ambapo wasichana wa vijijini walipewa baiskeli za kwendea shule. Muda wa njiani ulipungua kwa karibu theluthi moja na siku za kukosa shule zikapungua kwa karibu asilimia 28. Hiyo ndiyo thamani ya baiskeli. Sasa ukiiacha kwa sababu ya siti ambayo ingerekebishwa na spana moja, hiyo ni hasara kubwa jamani.

Kaka zangu msikimbie, somo hili ni lenu pia. Wengi wenu ndio mnaonunua baiskeli za nyumbani na ndio mafundi.

KWA NINI INAUMA

Chini ya makalio tuna mifupa miwili ya kukalia. Kaa kwenye benchi gumu, weka viganja chini ya makalio, utaisikia. Mifupa hii imeumbwa kubeba uzito. Nyama laini za katikati, yaani mashavu ya uke, njia ya mkojo na mishipa ya fahamu inayopita hapo, hazikuumbwa kubeba uzito. Siti nzuri inabeba mifupa na kuiacha katikati ipumue. Siti mbaya inafanya kinyume chake.

Kwa wanawake wengi mifupa hiyo imeachana zaidi kuliko ya wanaume, kwa sababu ya umbo la nyonga. Siti nyembamba iliyotengenezwa kwa kumfikiria mwanaume inapita katikati ya mifupa, na uzito wote unaangukia kwenye nyama. Hapo ndipo unapata mambo matatu:

1. Ganzi. Mishipa ya fahamu na ya damu imebanwa.
2. Michubuko na vidonda. Ngozi inasuguana na siti au nguo huku kuna jasho na vumbi. Vinyweleo vinaingia uchafu, vinavimba, vingine vinakuwa majipu.
3. UTI. Msuguano, unyevu, na kukaa muda mrefu bila kukojoa vinawapa bakteria nafasi.

Msidhani natunga. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa matokeo ya utafiti uliolinganisha wanawake wanaoendesha baiskeli na wale wanaokimbia au kuogelea. Waendesha baiskeli walikuwa na UTI, ganzi na vidonda vya siti zaidi ya wenzao. Lakini utafiti huohuo haukuona kwamba tendo la ndoa linaharibika kwa sababu ya baiskeli. Kwa hiyo tatizo lipo, ila lina mipaka.

Hata mabingwa linawapata. Hannah Dines, mwanamichezo mlemavu wa Uingereza aliyeshindana kwa baiskeli ya magurudumu matatu, alieleza hadharani mwaka 2019 jinsi siti ilivyomletea uvimbe sehemu za siri hadi akafanyiwa upasuaji. Alivumilia miaka akidhani ndiyo kawaida ya mchezo. Hilo neno "kawaida" ndilo linaloumiza watu.

TUANZE NA SITI YENYEWE

Jipime kwanza. Chukua kipande cha boksi gumu, kiweke kwenye ngazi ya saruji, kikalie kwa dakika moja huku umevaa nguo nyepesi na umeinama mbele kidogo. Ukinyanyuka utaona mabonde mawili. Pima kwa rula kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya lingine. Wanawake wengi wanaangukia kati ya sm 10 na 15. Ongeza sm 2 au 3, hapo umepata upana wa nyuma wa siti inayokufaa. Kama baiskeli yako ni ya kukaa wima kama zile Phoenix, ongeza zaidi kidogo, maana ukikaa wima uzito mwingi unakwenda nyuma.

Usidanganyike na sponji nene. Wengi tunakimbilia kwa fundi atushonee kava la godoro. Linapendeza siku ya kwanza. Baada ya nusu saa mifupa inazama, sponji inapanda katikati na kubana palepale tulipokuwa tunapakimbia. Siti ngumu kiasi yenye upana sahihi inashinda kochi. Ukiweza kupata yenye mfereji au tundu katikati, ijaribu, wengi inawasaidia.

Kagua siti kuukuu. Kwenye baiskeli za kizamani angalia springi za chini. Ikiwa moja imekufa, siti inalala upande na wewe unakaa upande bila kujua. Kama siti ni ya ngozi na imebonyea kama machela, ina nati chini ya ncha ya mbele ya kukaza ngozi. Ikiwa imechanika, pembe za plastiki zinachubua. Hiyo badilisha.

Isawazishe. Hili ndilo rekebisho rahisi kuliko yote. Weka ubao ulionyooka au rula ndefu juu ya siti kuanzia nyuma hadi ncha ya mbele. Juu yake laza chupa ya maji iliyojaa karibu yote, ukaacha povu dogo la hewa. Povu likikimbilia mbele, ncha imeinuka, na hiyo ncha ndiyo inayokuchoma. Legeza nati za chini ya siti (mara nyingi ni spana namba 13 au 14), ilaze sawa, kaza. Bado inabana mbele? Ishushe ncha kidogo sana, kisha ujaribu safari fupi. Ukiishusha mno utateleza mbele, na mikono na mabega ndiyo yatakayolipa.

UREFU WA SITI NA USUKANI

Kaa kwenye baiskeli huku mtu ameishika. Weka KISIGINO kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litakunja kidogo. Hapo ndipo penyewe.

Siti ikiwa juu mno, nyonga zinacheza kushoto kulia kila unapokanyaga ili mguu ufike. Ule mchezo ndio unaochubua. Ikiwa chini mno, miguu haibebi chochote na uzito wote unabaki kwenye siti, halafu magoti nayo yanalalamika. Wengi huku wanashusha siti ili miguu yote miwili ikanyage chini kwa kuogopa kuanguka. Kwa anayejifunza sawa, wiki ya kwanza. Ukishazoea panda taratibu, sm 1 kila baada ya siku chache. Ukisimama, shuka kwenye siti, usibaki umeikalia.

Sasa usukani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima waendesha baiskeli wanawake, ukaonyesha kwamba usukani ukiwa chini kuliko siti, mgandamizo unaongezeka kwenye nyama za mbele na hisia inapungua. Maana yake ni rahisi: ukiinama sana unaiacha mifupa na kukalia nyama. Baiskeli nyingi za gia zinazokuja kama mtumba ziko hivyo, zilitengenezwa kwa watu wa kukimbiza. Mwambie fundi apandishe usukani ulingane na siti au uzidi kidogo. Kwenye nyingi analegeza boliti ya juu, anagonga kidogo kwa ubao na kuvuta. Asipitishe ule mstari wa mwisho uliochorwa kwenye bomba, usukani unaweza kuchomoka!

Na ukubwa wa fremu je? Baiskeli kubwa ya baba yenye tairi la 28 na bomba la juu si rafiki wa dada mfupi mwenye sketi. Anajinyoosha kufikia usukani, anateleza kwenye ncha ya siti, na akishuka ghafla bomba linamgonga. Kama kuna uwezo wa kuchagua, tafuta tairi la 26 au fremu ya kike isiyo na bomba la juu. Kama hakuna, sogeza siti mbele kwenye reli zake, inasaidia kidogo.

NAMNA YA KUENDESHA

Usikae kama gunia. Ukiona shimo, tuta au ile barabara iliyojikunja kama bati, simama kidogo kwenye pedali, magoti yakunje, acha baiskeli icheze chini yako. Hata kwenye njia nzuri nyanyuka sekunde chache kila baada ya dakika 10 hivi ili damu ipite. Ganzi ikianza, shuka utembee kidogo, usisubiri.

Tairi lisijazwe hadi liwe jiwe. Kwenye vumbi na mawe, upepo ukipungua kidogo unapunguza mtikisiko, ila lisiwe laini hadi rimu inagonga.

Na mzigo. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kg 20. Ukiifunga kwenye keria huwezi kusimama vizuri kwenye mashimo, kila pigo linakuja kwenye siti. Penye mashimo, shuka usukume. Wala si aibu, hata wanaume wa mkaa wanasukuma.

NGUO NA USAFI

Mshono wa jinzi unaokutana katikati ni kisu. Chupi za nailoni zinatunza jasho, na zile za kamba ndiyo usiseme. Vaa chupi ya pamba isiyo na mshono mnene katikati, juu yake skintaiti inayofika karibu na goti, halafu sketi, dera au kitenge chako juu. Heshima imekaa, mapaja hayasuguani, na nguo haiingii kwenye spoku. Kwenye mitumba mara nyingine unakutana na taiti za baiskeli zenye pedi laini ya kushonewa. Ukizipata chukua, fua vizuri, na hizo zinavaliwa bila chupi ndani ili pedi ifanye kazi yake. Zifuliwe kila zikivaliwa.

Kwa safari ndefu paka mafuta ya mgando kidogo mapajani na kwenye mikunjo ya nje inayosuguana. Usiyaingize ndani ukeni.

Ukifika, badilisha nguo yenye jasho. Usiketi nayo kutwa dukani au darasani. Osha kwa maji safi kwa nje, sabuni kidogo isiyo kali inatosha. Ndani ya uke hapaoshwi, panajisafisha penyewe. Ukiingiza sabuni, ndimu au dawa za madukani unaua bakteria wazuri na kuwafungulia mlango fangasi. Jifute kutoka mbele kwenda nyuma. Kausha.

Kunywa maji! Najua wadada wengi hawanywi kwa sababu njiani hakuna choo. Lakini mkojo ukikaa muda mrefu kwenye kibofu ndiyo UTI inapopata nafasi. Kojoa kabla ya kuondoka, kojoa ukifika, kunywa maji kisha.

Kuhusu kunyoa. Kabla ya Olimpiki ya Rio 2016 timu ya baiskeli ya Uingereza iliwakalisha wataalamu kutafuta dawa ya vidonda vya siti kwa wachezaji wao wanawake. Ushauri mmoja ulikuwa waache kunyoa nywele za siri kabisa, maana zinapunguza msuguano na wembe unaacha vijeraha. Ukipenda kupunguza tumia mkasi, na usinyoe kwa wembe siku moja kabla ya safari ndefu.

SIKU ZA HEDHI, UJAUZITO, NA WALIOKEKETWA

Hedhi haizuii baiskeli. Tatizo ni pedi iliyolowa inayojikunja na kuchubua. Ibadilishe kabla ya kupanda, chagua nyembamba, vaa skintaiti inayoishika isisogee. Wanaotumia kikombe cha hedhi wanasema kwenye siti hawakisikii, ila kinahitaji maji safi na mikono safi.

Ukiwa mjamzito, muulize nesi wa kliniki. Tumbo likikua mizani ya mwili inabadilika na hatari kubwa ni kuanguka, si siti. Ukishajifungua, subiri nyuzi zipone na ukaguliwe, kwa kawaida kama wiki 6, ndipo urudi taratibu.

Halafu kuna hili ambalo Arusha hatuwezi kulikwepa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba karibu wanawake 41 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani kwetu wamekeketwa. Ngozi ya kovu hainyumbuki kama ngozi nyingine, inachanika na kuuma haraka. Dada, kama ni wewe, hukufanya kosa lolote. Yote tuliyosema juu yanakuhusu zaidi: siti pana, ncha chini kidogo, usukani juu, mafuta ya mgando. Ukiwa na kovu linalovuja, uvimbe, au mkojo unaotoka kwa shida, nenda kituo cha afya ukamweleze muuguzi wazi. Wameshaona, hutakuwa wa kwanza.

NA LILE NENO LA BIKIRA

Hili ndilo linalowanyima mabinti baiskeli kuliko siti yenyewe. Utasikia bibi au baba mdogo akisema baiskeli itamtoa bikira. Ukweli ni huu: ile ngozi nyembamba mlangoni mwa uke inatofautiana toka mtu hadi mtu. Wengine wanazaliwa nayo kidogo sana, wengine inanyumbuka bila kuchanika hata baada ya kujamiiana. Hakuna daktari anayeweza kuitazama akajua nani amelala na mwanaume. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa lilisema wazi kwamba vipimo vya bikira havina msingi wowote wa kisayansi, vikomeshwe.

Kwa hiyo binti asikatazwe kwenda shule kwa baiskeli kwa ajili ya kitu kisichopimika. Wazazi wanaomwogopea binti baiskeli wangejiuliza kwanza juu ya lifti.

Na kama mtu anasema mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa baiskeli, mkumbushe Kigali, Septemba 2025. Mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, na wanawake walikimbia zaidi ya kilomita 160 za vilima. Bingwa alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada.

LINI UENDE ZAHANATI

Michubuko ya kawaida inapona kwa kupumzisha baiskeli siku mbili tatu, maji safi na kukausha. Usitumbue jipu. Lakini USINGOJE ukiona haya:

- Kukojoa kunauma au unakojoa mara kwa mara, hasa ukiwa na homa, maumivu ya kiuno au damu kwenye mkojo
- Ganzi isiyoisha siku ya pili
- Uvimbe upande mmoja usiopungua, au jipu linalokua
- Uchafu wenye harufu au rangi isiyo ya kawaida
- Kidonda kisichopona, au kidonda ambacho hakiko mahali siti inapogusa. Hicho si cha baiskeli, kinahitaji kupimwa.

Tafadhali usikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki nusu dozi kwa sababu shoga yako alipona nazo. Pima mkojo kwanza. Dawa isiyo yake inaficha ugonjwa na kuwafanya bakteria wawe sugu.

KWA KIFUPI

Kama huna hela ya siti mpya, fanya haya matatu wikiendi hii: sawazisha siti kwa chupa ya maji, weka urefu kwa kisigino, pandisha usukani. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi yeyote mwenye spana. Baada ya hapo panda siku 4 au 5 ndipo uamue. Makalio kuchoka kidogo mwanzoni ni sawa, misuli inajifunza. Kuchubuka, ganzi na kuungua ukikojoa si sawa, leo wala baada ya mwaka, na hakuna anayepaswa kukuambia utazoea.

Na nyie mafundi: dada akija kusema siti inamuuma, msicheke. Mwulizeni inauma wapi, mbele au nyuma. Mbele, shusheni ncha na pandisheni usukani. Nyuma, angalieni upana na springi. Mtaona wateja wanaongezeka.

Haya wadau, naomba kuwasilisha. Wadada mlioshajaribu, mwageni uzoefu wenu hapo chini, hata bila jina. Kuna mwenzenu ameegesha baiskeli ukutani anasubiri kusoma.